Mkataba wake unaisha lini? Ninavyopanga mishahara chini ya ukomo

Ligi yetu ya mtandaoni, ya mchezo wa umeneja wa soka, ina makocha 16, kila mmoja na klabu yake. Ukomo wa mishahara ni sarafu 900,000 za mchezo kwa wiki, sawa kwa wote, na seva huupima kila Jumatatu asubuhi. Klabu iliyozidi hata kwa sarafu moja hufungiwa usajili na kuongeza mikataba mpaka irudi chini ya mstari. Nimekaa humu misimu 11. Nimeona makocha wenye jicho kali la vipaji wakishuka daraja huku wana washambuliaji wawili hatari, na nimeona wengine wenye vikosi vya kawaida wakibaki tatu bora mwaka hadi mwaka. Hawa wa pili wanajua kila mkataba unakwisha lini, na wanajua bili, yaani jumla ya mishahara ya wiki, itasomekaje siku hiyo.

Mimi nililijua hilo kwa kuumia. Msimu wa kwanza nilitwaa ubingwa, na ndani ya wiki moja nikawaongezea wachezaji tisa mikataba, wote miaka mitatu. Msimu wa nne ukafika, mikataba yote tisa ikawa inakwisha siku moja. Bili yangu wakati huo ilikuwa 812,000, na hao tisa peke yao walikuwa wanachukua 430,000. Kila wakala alitaka nyongeza ya karibu theluthi. Theluthi ya 430,000 ni zaidi ya 143,000, yaani ningefika 955,000. Haikuwezekana. Nikavuta muda nikitafuta wa kuuza, Januari ikafika, na wanne wakasaini makubaliano ya awali na klabu nyingine. Hiyo ndiyo kanuni ya FIFA hata nje ya mchezo: aliyebakiza miezi 6 anaruhusiwa kusaini kwingine, na michezo mingi ya umeneja imeichukua kama ilivyo. Waliondoka bila ada. Mmoja wao alikuwa kiungo mkabaji niliyemtoa akademi akiwa na miaka 16. Kumpoteza yule kuliniuma kuliko kuupoteza ubingwa.

Kwa hiyo anza na jedwali, kabla hujamgusa mchezaji yeyote. Kila mchezaji mpe mstari wake. Andika mshahara wa msimu huu, wa msimu ujao, wa ule unaofuata, mpaka mwaka wa mwisho wa mkataba. Mkataba ukikwisha, acha kisanduku kitupu. Kisha andika umri atakaokuwa nao siku unapokwisha, maana umri wa leo unadanganya: winga wa miaka 28 uliyempa miaka mitano umemsaini mpaka afike 33. Chini kabisa jumlisha kila msimu peke yake. Ile jumla ya miaka miwili ijayo ndiyo ninayoitazama kila siku. Bili ya wiki hii seva yenyewe inanionyesha.

Kanuni yangu kwa kikosi cha wachezaji 25 ni kwamba mikataba inayokwisha msimu mmoja isizidi mitano, na mabeki wawili wa kati wasimalize mwaka mmoja. Ikitokea imerundikana, irekebishe mapema kwa urefu wa mkataba: huyu mpe miaka miwili, yule minne, hata kama wote wako tayari kuchukua mitatu. Mchezaji nguzo namwita mezani akibakiza miezi 18. Wakati huo hana klabu nyingine ya kukutishia nayo, na bei yake ni ya utulivu. Wa kawaida nasubiri mwaka mmoja. Aliyepita miaka 30 nasubiri mpaka msimu wa mwisho wenyewe na ninampa mwaka mmoja mmoja, isipokuwa kipa, ambaye hudumu zaidi.

Kuhusu mgawanyo, sina fumbo kubwa. Nguzo watano kwa 70,000 ni 350,000. Tisa wa kawaida kwa 35,000 ni 315,000. Watano wa akiba kwa 20,000 ni 100,000, na vijana sita kwa 8,000 ni 48,000. Jumla 813,000, kunabaki 87,000. Makocha wengi wakiiona hiyo 87,000 wanaona mshambuliaji. Subiri kidogo tuzungumzie vipengele, utaona kwa nini siigusi.

Mshahara ulioandikwa juu ya mkataba ni sehemu tu ya gharama. Chukua posho ya kucheza. Ni kitu kizuri kwa mchezaji anayeumia mara kwa mara: badala ya 34,000 za kudumu unampa 30,000 na posho ya 4,000 kwa kila mechi, na akiwa kitandani hulipi posho. Lakini mimi niliwahi kuipa timu nzima ya kwanza. Wachezaji 11 kwa 4,000 ni 44,000 kwa mechi. Wiki yenye mechi mbili, ya ligi na ya kombe, ikawa 88,000. Nafasi yangu ilikuwa 87,000. Nilizidi kwa sarafu 1,000, seva ikanifungia usajili siku tatu kabla dirisha halijafungwa, na beki niliyekuwa nimeshakubaliana naye akaenda kwa mpinzani wangu. Siku hizi posho hiyo wanapewa wachezaji wasiozidi wanne, na huwa naihesabu kwa wiki yenye mechi nyingi zaidi kwenye ratiba.

Nyongeza ya kila mwaka nayo ni mtego wa taratibu. Wakala anaomba asilimia 10, unaona ni kidogo. Mshahara wa 50,000 unakuwa 55,000, kisha 60,500, kisha 66,550, na mwaka wa tano 73,205, wakati mchezaji mwenyewe ameshaanza kupungua kasi. Nikilazimika kuchagua, bora nimwanzishe na 56,000 zisizopanda. Mwaka wa kwanza nalipa zaidi, kweli, lakini mwaka wa kwanza nauona. Ule wa tano siuoni.

Kipengele ninachokikataa moja kwa moja, hata kama ni kumkosa mchezaji, ni kile cha kulipwa sawa na anayelipwa zaidi klabuni. Tuseme nguzo watatu wanacho, kila mmoja yuko kwenye 70,000, halafu umesajili nyota wa 95,000. Hao watatu nao wanapanda 25,000 kila mmoja. Nyota wako amekugharimu 170,000 kwa wiki, na walioongezewa hawajabadilika chochote uwanjani. Ukirithi klabu yenye mikataba ya namna hiyo, kazi yako ya kwanza ni kukiondoa, hata kwa kumpa mhusika mwaka wa ziada au kumwekea bei ya kuvunja mkataba, yaani kiasi ambacho klabu nyingine ikikilipa inamchukua.

Bei hiyo wengi wanaiogopa. Mimi naitumia. Mchezaji ananipunguzia mshahara nikimwekea, na nikiipanga vizuri najua tangu mapema kiasi nitakachoingiza akiondoka. Sharti ni moja: nisiweke bei ambayo haitoshi kununua mbadala wake.

Mchezaji huru je? Neno “huru” limewapoteza wengi. Hana ada ya uhamisho, ndiyo, ila wakala wake atadai ada ya kusaini. Mwezi uliopita kocha mwenzangu aliniuliza, “Kocha, huyu unamwachia nani? Yuko huru, anataka 45,000 tu.” Nikamwambia asome mstari wa chini: ada ya kusaini 2,600,000 kwa mkataba wa miaka miwili. Gawanya kwa wiki 104, unapata 25,000. Yule ni mchezaji wa 70,000 kwa wiki. Kama ana thamani ya nguzo, msajili. Kama ni wa akiba, mwache apite.

Hapa inabidi ujue ligi yako inahesabu nini, kwa sababu ligi hazifanani. Zipo zinazoigawa ada ya kusaini kwa miaka ya mkataba, zipo zinazoihesabu yote siku ya kwanza, na zipo zisizoihesabu kabisa. Uliza pia kama vijana wa akademi wamo ndani ya ukomo, kama mchezaji wa mkopo anahesabiwa kwa mshahara wote au kwa sehemu unayolipa, na kama kuna wachezaji teule wanaoruhusiwa kuuvuka. Kanuni ya namna hiyo ipo katika ligi kuu ya Marekani, MLS, tangu 2007, mwaka ambao David Beckham alijiunga na LA Galaxy, na leo klabu inaweza kuwa na wachezaji teule watatu. Ligi iliyojengwa kwa kuiga MLS inachezwa tofauti kabisa na yetu: kule unajaza hizo nafasi tatu kwanza, kisha ndipo unabana kwingine kote.

Ukishazidi, au ukiona msimu ujao utazidi, kuna njia tatu za kutokea, na mpangilio wake ni muhimu. Ya kwanza ni kuuza, na uuze kabla hujaongeza mkataba wa mtu mwingine. Kila ninaposhawishika kufanya kinyume nakumbuka Agosti 2021, Barcelona na Lionel Messi walipokuwa wameshakubaliana kuhusu mkataba mpya, lakini kanuni za fedha za La Liga zikazuia asisajiliwe. Akaenda Paris Saint-Germain. Makubaliano bila nafasi kwenye bili ni karatasi.

Ya pili ni mkopo. Winga wangu wa 60,000 alikuwa hauziki, kila klabu ilikimbia mshahara wake. Nikampeleka kwa mkopo, klabu ile ikalipa nusu. Nafasi ya 30,000 kwa wiki ilifunguka siku hiyo hiyo, na kwa msimu mzima ni sarafu 1,560,000. Alicheza, akafunga mabao manane, na msimu uliofuata akapata mnunuzi. Nusu mshahara kwa mchezaji anayeonekana uwanjani ni bora kuliko mshahara kamili kwa anayekaa benchi akishuka thamani.

Ya tatu, wewe mwenyewe kuvunja mkataba na kumlipa mchezaji fidia ya muda uliobaki, iache kabisa mpaka ushindwe zote. Yule winga alikuwa na miaka miwili mbele, yaani wiki 104 kwa 60,000: sarafu 6,240,000. Kwenye ligi yetu fidia hiyo hubaki ndani ya ukomo mpaka muda wake uishe. Mchezaji hayupo, mshahara wake upo. Mara nyingine wakala anakubali nusu ikiwa mchezaji ana klabu inayomsubiri, kwa hiyo usimpe ofa ya kuvunja mkataba kabla hujamtafutia pa kwenda.

Jumapili usiku huwa nakaa na jedwali kwa dakika 20. Naangalia mechi za wiki inayokuja na posho zake, nani anaingia miezi 18 ya mwisho, na nani anakaribia idadi ya mechi inayomwongezea mkataba moja kwa moja. Hicho kipengele cha mwisho kimewaponza wengi. Beki wa miaka 34 akibakiza mechi moja kufikisha 25 zilizoandikwa kwenye mkataba wake, mechi ya 25 anaitazama akiwa jukwaani. Nafasi ikiwa chini ya 30,000, sizungumzi na wakala yeyote wiki hiyo.

Msimu huu ninayo mikataba mitano inayokwisha, na wawili kati yao wamepita miaka 30. Anayenikosesha usingizi si hao. Ni beki wa kushoto wa miaka 22, yuko kwenye 31,000, ana miezi 18 kamili kuanzia kesho. Jedwali linaniruhusu kufika 44,000, bila nyongeza ya mwaka, kwa miaka minne, ili amalize peke yake mwaka ule ambao beki wa kulia hamalizi. Mazungumzo yanaanza Jumanne.