Kuchagua Kokoto, Mchanga na Udongo wa Bustani kwa Hali ya Hewa ya Dar es Salaam

Kabla ya kumpigia simu mwenye tipa, simama barazani mvua kubwa inaponyesha. Jiji hili hupata vuli kati ya Oktoba na Desemba na masika kati ya Machi na Mei, na saa moja tu ya masika hukuonyesha mahali maji yanapotuama na yanapozoa udongo.

Kwa njia za miguu, agiza kokoto za mwamba mgumu, kama zile za Lugoba, kwa kuwa hazimeng'enyeki na hupitisha maji. Mawe ya chokaa ya pwani ni laini zaidi, na yakiwekwa karibu na mimea huweza kuongeza chokaa katika udongo hadi majani ya baadhi ya maua yakageuka manjano. Mchanga wa ufukweni usiupokee hata ukipewa bure, kwani chumvi yake huunguza mizizi.

Udongo ndio unaowaponza wengi. Kifusi ni cha kujazia, si cha kuoteshea, ingawa wauzaji huviita vyote udongo. Chukua konzi moja, uiloweshe, kisha uifinyange: ikinyooka kuwa utepe mrefu usiokatika, una mfinyanzi mwingi, nao utashika maji wakati wa masika na kupasuka kiangazi. Ikimwagika vidoleni, ni mchanga mtupu, na jua la Januari litaukausha upesi. Katika hali zote mbili changanya samadi iliyooza vizuri. Ile inayofuka joto bado ni mbichi.

Juu ya matuta tandaza makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, ambayo huchelewa kuoza, kwa unene wa sentimita 5 hadi 7, bila kugusa mashina. Maranda ya mbao huvuta mchwa, kwa hiyo yasikaribie ukuta wa nyumba.

Kiasi hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kina, vyote kwa mita. Njia ya mita 10 kwa 1.2, yenye kina cha sentimita 5, inahitaji mita za ujazo 0.6, ambazo kwa kokoto ni takriban tani moja. Kununua tipa zima kwa kazi hiyo ni kujijengea mlima uani. Gari likifika, panda uchimbue katikati ya mzigo kabla haujamwagwa, kwa sababu kokoto safi za juu zinaweza kuwa zimefunika vumbi.