Kabla gesi ya kaboni dioksidi haijazikwa chini ya ardhi isiende hewani, kagua haya

Kwanza uliza kina cha pa kuizika, kisipungue mita 800 hivi, huko presha inaibana gesi inakuwa nzito karibu kama kimiminika na haili nafasi kubwa. Halafu tafuta visima vya zamani vya mafuta na gesi, hapa ndo pa kukazania kabisa, simenti ya kizibo ikichakaa gesi iliyozikwa inapanda humohumo hata kama mwamba wa juu unaoifunika ni mzima. Presha ya kuisukumia chini usiipandishe kwa pupa jamani, kule In Salah, Algeria, walianza kuizika 2004, satelaiti zikaonyesha ardhi inainuka milimita kadhaa kwa mwaka, 2011 wakasimamisha. Vipimo vya kunasa gesi ikivuja weka mabondeni, gesi hii ni nzito kuliko hewa, watu wa Goma wanaijua, wanaiita mazuku, inatuama mashimoni na mtoto akishuka humo anakosa pumzi.