Jinsi ya kusoma vipimo vya damu vya mgonjwa wa limfoma

Kabla ya kulipia vipimo vinavyoitwa alama za saratani, mgonjwa wa limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga zilizomo hasa katika tezi, na ndugu zake hapa Bukavu wafahamu kwamba hakuna alama hata moja kati ya hizo inayothibitisha ugonjwa huu peke yake. Kinachothibitisha kwa kawaida ni biopsi, yaani tezi iliyovimba kukatwa, nzima au kipande, na kutazamwa kwa darubini. Damu huja baadaye, kueleza ugonjwa una kasi gani na dawa inafanya nini.

Anzeni na LDH, ambayo ni kimeng'enya kilichomo ndani ya seli na humwagika katika damu seli zinapokufa kwa wingi. Tangu 1993 madaktari huihesabu pamoja na umri uliozidi miaka 60, hatua ya ugonjwa, nguvu za mgonjwa na idadi ya viungo vilivyoshikwa nje ya tezi, ili kukadiria mwenendo wa limfoma kali. Msiisome namba peke yake: itazameni kando ya kiwango cha juu kilichochapwa kwenye karatasi hiyohiyo, kwa sababu mashine hutofautiana. Ikiwa kikomo ni 250 na mgonjwa ana 500, amefika mara mbili. Na kipimo kinachofuata kifanyiwe maabara ileile.

LDH pia hudanganya kwa urahisi. Damu iliyotolewa Kavumu ikaletwa mjini kwa pikipiki, ikitikiswa njia nzima kabla ya kutenganishwa, seli zake nyekundu huweza kupasuka na namba ikapanda bila limfoma kuhusika. Mwombeni fundi awaonyeshe chupa baada ya kuzungushwa kwenye mashine: maji yaliyo juu yakiwa na rangi ya majani makavu, ni salama, yakiwa ya waridi au mekundu, damu itolewe upya. Malaria nayo hupasua seli nyekundu, kwa hiyo daktari aambiwe kama mgonjwa alikuwa na homa juma hilo.

Beta-2 mikroglobulini, ambayo ni protini ndogo ya seli inayopimwa katika damu, isomwe pamoja na kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, maana figo zikilegea hupanda, na VVU huipandisha vilevile. VS, yaani kasi ya seli nyekundu kutuama chini ya mrija, ina uzito zaidi katika limfoma ya Hodgkin, ambayo ni aina mojawapo ya limfoma, ingawa maambukizi yoyote huweza kuiinua. Kuhusu CA 125, alama inayotumika hasa kwa saratani ya ovari, sioni sababu ya kuilipia hapa: limfoma iliyojaza maji tumboni huweza kuipandisha, na mama akaishia kuogopeshwa kwamba ana saratani ya ovari.

Katika siku za kwanza za dawa, hasa kwa mtoto mwenye limfoma ya Burkitt, aina inayokua kwa kasi sana, LDH ikipanda ghafla msidhani dawa imeshindwa, kwani seli za uvimbe zinavunjika, na vinavyomwagika kutoka ndani yake huweza kulemea figo. Ulizeni siku hiyohiyo kuhusu asidi ya uriki, potasiamu na kreatinini, na mhesabu mkojo anaotoa.