Jinsi ya kupunguza aina za bolti stoo bila kuharibu kazi ya mafundi

Nimetoka kumsaidia jamaa anayesimamia stoo ya kiwanda, makabati yamejaa bolti mpaka juu na bado kila siku fundi anaambiwa saizi yake imeisha. Ukiona hivyo ujue aina zimezidi, sio kwamba stoku ni ndogo.

Hatua 1. Toa orodha yote pamoja na matumizi ya miezi 24. Excel inatosha kabisa, usikubali kuuziwa programu kubwa kwa kazi hii.

Hatua 2. Maelezo ya kila bolti yavunje yakae kwenye safu zake: kichwa, kipenyo, nafasi kati ya nyuzi, urefu, gredi (namba ya uimara wa chuma), mipako. Utashangaa "bolti M8x40", "bolti 8mm ndefu" na "bolti ya spana 13" zina namba tatu za stoo na ni kitu kimoja (M8 ni kipenyo cha mm 8, 40 ni urefu).

Hatua 3. Nenda kashike bolti zenyewe kwa mkono kabla hujaunganisha namba yoyote. Hapa usiharakishe, mimi niliwahi kuunganisha droo mbili kwa kuamini venia (kifaa cha kupimia kipenyo) tu na tukamaliza shifti nzima tunachambua moja moja. M8 ya kawaida ina nafasi ya 1.25 mm, M8 ya nyuzi laini ina 1.0, halafu kuna ya inchi 5/16 yenye nyuzi 18 kwa inchi ambayo kipenyo chake ni 7.94 mm, yaani venia inakupa karibu jibu lilelile kwa zote tatu. Nati inaingia mizunguko miwili inakwama, fundi analazimisha, nyuzi zinakufa. Nunua geji ya nyuzi, ni kifaa kidogo na hakuna kinachokishinda kwa hili.

Kinyume chake, M10 ya kichwa cha mm 17 na ya kichwa cha mm 16 mara nyingi ni bolti ileile, moja imefuata kiwango cha zamani cha Ujerumani (DIN), nyingine cha kimataifa (ISO). Nyuzi na gredi zikilingana unganisha, ila waambie mafundi mapema wasije wakaenda saiti na spana moja.

Gredi nayo: 8.8 inavumilia mvuto wa MPa 800 (megapascal, kipimo cha nguvu kwa eneo) kabla ya kukatika, 10.9 ni MPa 1000, kwa hiyo watu wanasema tuweke 10.9 kila mahali yaishe. Hapana. Kuna bolti zimewekwa makusudi zikatike kwanza ili kulinda mashine, na bolti ngumu zikipakwa zinki kwa umeme bila uangalifu zinaweza kupasuka baadaye kwa sababu ya haidrojeni. Muulize injinia aliyechora, usiamue ukiwa stoo.

Hatua 4. Chagua zitakazobaki. Usipigishe kura, kila mtu atatetea yake. Tumia ngazi zinazopanda kwa uwiano, yaani kila saizi inaizidi iliyotangulia kwa karibu mara ileile, wazo alilolitumia Charles Renard wa jeshi la Ufaransa miaka ya 1870 akapunguza saizi za kamba za maputo kutoka 425 hadi 17. Kwa urefu wa mm mimi naacha 16, 20, 25, 30, 40, 50, 60, 80. Ya 35 inahamia 40, isipokuwa kwenye tundu lisilotoboka, maana huko bolti inagonga chini kabla haijabana kitu.

Faida ukitaka kumwonyesha bosi: aina nne zenye matumizi yanayofanana na yasiyotegemeana, kila moja na akiba ya tahadhari ya 100, ukiziunganisha akiba inayohitajika ni kama 200, sio 400.

Hatua 5. Namba za zamani zifunge zisiagizwe tena lakini usizifute, historia utaihitaji. Rekebisha michoro na orodha za vipuri wiki hiyohiyo, la sivyo manunuzi wataziagiza upya. Na kuanzia hapo namba mpya ifunguliwe na mtu mmoja tu, baada ya muombaji kuandika kwa nini zile zilizopo hazimfai.