Kabla hujailaumu saa yako ya mazoezi

Ukiona saa inakuonyesha mapigo ya moyo yasiyoeleweka, usikimbilie kununua nyingine. Ipandishe kwanza, ikae upana wa vidole viwili hivi juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, kisha kaza mkanda usicheze. Ile taa ya kijani chini yake hufuatilia damu inavyopita kwenye ngozi. Saa ikitikisika, inaweza kuhesabu mdundo wa hatua zako ikidhani ni moyo. Baridi nayo huvuruga, maana damu hupungua mikononi, kwa hiyo pasha mwili kwanza. Kwa mbio fupi za kasi, mimi naamini zaidi mkanda wa kifuani: unapima umeme wa moyo wenyewe. Ukimaliza, legeza saa, ngozi ipate hewa.