Kusasisha Draiva ya Kadi ya Michoro Bila Kuharibu Gemu Inayokwenda Vizuri

Draiva ndiyo inayogeuza maagizo ya gemu kuwa amri ambazo kadi ya michoro inazielewa, na kwa kuwa kila picha hupitia humo, toleo jipya linaweza kuongeza kasi bila kifaa chochote kubadilishwa. Kadi za Intel Arc, zilizotoka mwaka 2022, zilisuasua kwenye gemu za zamani za DirectX 9, yaani toleo la zamani la mfumo wa Windows wa kuchora gemu, hadi masasisho ya draiva yalipozirekebisha. Madhara nayo hupitia njia hiyohiyo. Oktoba 2023 AMD, mtengenezaji mwingine wa kadi, iliondoa draiva yenye Anti-Lag+, kipengele cha kupunguza ucheleweshaji kati ya kubonyeza na kuona matokeo kwenye kioo, baada ya kipengele hicho kugusa msimbo wa gemu ya Counter-Strike 2, na baadhi ya wachezaji waliokiwasha wakafungiwa akaunti kana kwamba wamedanganya.

Kwa hiyo sasisha ukiwa na sababu: gemu mpya unayotaka kuicheza, hitilafu yako imetajwa kwenye maelezo ya toleo, au kuna dosari ya usalama iliyozibwa. Kama hakuna hata moja kati ya hizo, sioni haja ya haraka.

Kabla ya kugusa chochote, bonyeza Windows pamoja na R, andika dxdiag, kisha nakili namba ya toleo la draiva na tarehe yake. Pakua pia kisakinishi cha toleo hilohilo na ukihifadhi. Halafu chagua sehemu moja ya gemu, icheze kwa mipangilio ileile, na uandike idadi ya fremu, yaani picha zinazochorwa, kwa sekunde, wastani na kiwango cha chini kabisa. Usitegemee wastani peke yake: kwenye fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina takriban milisekunde 16.7, na moja ikichukua 50 utaona picha imekwama ingawa wastani haujatikisika.

Pakua draiva kutoka kwa mtengenezaji wa kadi au wa kompyuta yako, funga gemu zote, kisha sakinisha. Kioo kikizimika kwa sekunde chache, usishtuke wala usizime mashine. Ukimaliza, iwashe upya.

Hapa ndipo wengi hutoa hukumu mapema. Sheda, yaani programu ndogo zinazopaka mwanga na rangi, huandaliwa kwa ajili ya kadi na draiva husika na kuhifadhiwa kwenye diski. Draiva ikibadilika, mara nyingi akiba hiyo hutupwa na kazi huanza upya. Gemu inaweza kukawia kufunguka, na kila mlipuko au eneo jipya likaja na mkwamo mfupi. Rudia sehemu uliyoipima mara mbili tatu, ndipo ulinganishe namba.

Mikwamo ikibaki, andika devmgmt.msc mahali ulipoandika dxdiag, fungua sifa (Properties) za kadi yako, na kwenye kichupo cha draiva ubonyeze "Roll Back Driver". Kitufe hicho kikiwa kimefifia, sakinisha toleo ulilohifadhi. Mabaki yakiendelea kusumbua, tumia Display Driver Uninstaller, programu ya kufuta draiva pamoja na mabaki yake, ukiwa katika hali salama (Safe Mode) ya Windows, na kata intaneti kwanza ili Windows isiwahi kuweka draiva yake yenyewe. Sheda zitaandaliwa tena baada ya kurudi nyuma, kwa hiyo kipimo cha kwanza hapo pia kisihesabiwe.