Kuziba upya kiungo cha mkuku na bodi ya mashua ya tanga

Silanti, yaani gundi laini ya kuziba viungo, kazi yake ni kuzuia maji; kinachoshika mkuku, ule uti mzito wa chini ya mashua, ni bolti. Kwa hiyo kwanza jua kama una ufa wa rangi tu au mkuku unaocheza. Mashua ikiwa kwenye kreni, tazama kiungo upande wa omo (mbele). Kikifunguka mkuku ukining'inia na kufumba ukikalia magogo, nati zimelegea au bolti zimeliwa. Michirizi ya kutu, au maji yanayochuruzika siku kadhaa baada ya kupandishwa nchi kavu, ni dalili kwamba maji yameshapenya ndani. Hapo usipake kitu juu juu, shusha mkuku. Chuma cha pua huliwa kwenye unyevu usio na hewa, yaani ndani ya kiungo chenyewe, hivyo nati inayong'aa kwenye ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya mashua) isikudanganye.

1. Legeza nati lakini ziache zishike nyuzi chache za bolti mpaka kiungo kiachie. Kata silanti ya zamani kuzunguka kiungo, gongea kabari za mbao, kisha kreni iinue bodi taratibu. Mkuku nao utegemezwe pande zote. Mkono usiingie kwenye upenyo kabla ya kuweka vipande vya mbao ngumu.

2. Kagua kila bolti. Iliyokonda kiunoni ibadilishwe, hata kama ni moja.

3. Kwangua nyuso zote mbili, osha chumvi kwa maji baridi (yasiyo ya bahari), kausha, piga msasa namba 80, malizia na asetoni. Mkuku wa chuma upakwe praima (rangi ya kwanza) ya epoksi siku hiyohiyo, kutu haisubiri. Wa risasi usipigwe msasa mkavu: vumbi lake ni sumu.

4. Shusha bodi bila silanti ujaribu. Penye mwanya, sawazisha kwa epoksi nzito.

5. Tumia silanti ya poliyurethani au polisalfaidi ya baharini. Silikoni hapana; rangi haishiki juu yake. Hesabu: uso wa mita 1.5 kwa 0.25, unene wa mm 3, unataka lita 1.1 hivi, yaani mirija 4 ya ml 300. Nunua 6. Zungushia kila bolti duara kamili, kwa sababu hapo ndipo maji hupandia, kisha jaza uso wote.

6. Shusha, kaza mpaka silanti itokeze pande zote, halafu acha. Ukikaza hadi mwisho sasa hivi utaikamua yote, na kitakachobaki ni utando usioweza kunyumbuka. Poliyurethani hukauka kwa unyevu wa hewa, takriban mm 3 kwa siku kuanzia ukingoni, kwa hiyo subiri angalau wiki.

7. Ukazaji wa mwisho ufanywe kwa spana ya kupimia nguvu, mashua ikiwa imekalia mkuku na magadi (miti ya kuegemezea) yakizuia tu isipinduke. Kipimo ni cha mtengenezaji wa mashua. Angalia pia kama amekitoa kwa nyuzi kavu au zenye mafuta, maana tofauti ni kubwa. Anza nati za katikati kuelekea ncha, kwa awamu tatu. Washa (vibati vya chini ya nati) ziwe pana na nene, na silanti chini yake.

8. Nje, kata kilichotokeza kikishakauka, paka praima na rangi ya chini ya mashua. Ukifunika kiungo kwa putini ngumu, itapasuka mashua ikilala upande mara chache tu.